Bunduki ya Duck Hunt haipigi bata kwenye TV ya flati: tatizo si bunduki

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimeikuta nyumbani kwa wazazi, Tanga, ile TV game yetu ya zamani, pamoja na pedi zake mbili, bunduki na kaseti yenye Duck Hunt, ule mchezo wa kuwinda bata. Nimeichomeka kwenye TV yangu ya flati ya inchi 43. Picha ipo, sauti ipo, pedi zinafanya kazi, ila bunduki haipigi hata bata mmoja. Mbwa wa kwenye mchezo ananicheka tu. Fundi wa mtaani kaniambia bunduki imekufa. Nikanunua nyingine, nayo vilevile. Kaka yangu anasema zamani ukilenga taa ya umeme bata wanaanguka wenyewe. Nimejaribu, wapi! Shida iko wapi, na nifanyeje ili wanangu waicheze?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue bunduki ya tatu. Kwa dalili ulizozieleza, yaelekea bunduki zako zote mbili ni nzima, na hata ungeletewa ya Nintendo yenyewe ikiwa bado kwenye boksi, kwenye hiyo TV ya inchi 43 mbwa angeendelea kukucheka. Bunduki za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya TV ya chogo peke yake. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, maana ukishaelewa inavyofanya kazi utaweza kuipima mwenyewe, na hakuna atakayekuuzia tena kitu usichokihitaji.

Kwanza kabisa, bunduki hiyo hairushi chochote. Hakuna mwale unaotoka mtutuni kwenda kwenye kioo. TV ndiyo inayotoa mwanga, na bunduki inaupokea. Ndani ya mtutu kuna lenzi ndogo ya plastiki, na nyuma yake kuna kihisi mwanga, yaani jicho la bunduki. Ukivuta triga, mashine inapata habari mbili tu: triga imevutwa, na jicho linaona mwanga au halioni. Basi. Bunduki haijui imelenga kona gani ya kioo, wala haijui bata yuko wapi.

Mashine inajuaje, basi, kama umempiga? Hapa kuna ufundi ambao mimi huwa nauheshimu sana. Mara tu triga inapovutwa, mchezo unafuta kila kitu: anga, mti, nyasi, bata, vyote vinakuwa vyeusi kwa muda wa picha moja. Katika picha inayofuata kioo kinabaki cheusi, isipokuwa pale alipokuwa bata, ambapo panachorwa kisanduku cheupe. Wakati huo huo mashine inasoma jicho la bunduki. Likiwa linaona mwanga, maana yake mtutu umeelekea kwenye kisanduku, na bata anaanguka. Lisipoona, risasi imepotea. Kisha mandhari inarudi kama ilivyokuwa. Kwenye TV zetu za mfumo wa PAL, zinazochora picha 50 kwa sekunde, kila picha inachukua milisekunde 20. Marekani na Japani, kwenye picha 60 kwa sekunde, ni takriban milisekunde 17. Ndiyo maana utotoni ulikuwa unaona kioo kinamweka tu ukivuta triga, ukadhani ni moto wa risasi.

Ukichagua Game B wanaruka bata wawili kwa pamoja, na jicho ni lile lile moja. Hapo mchezo unaongeza picha moja: kwanza nyeusi tupu, halafu kisanduku cha bata wa kwanza peke yake, halafu cha bata wa pili peke yake. Mwanga ukionekana katika picha ya pili, aliyepigwa ni wa kwanza. Ukionekana katika ya tatu, ni mwenzake. Yaani mashine inamtambua bata kwa wakati ambao mwanga ulifika. Haina njia nyingine yoyote ya kujua umelenga wapi. Shika hilo la wakati, kwa sababu ndilo linaloiangusha TV yako ya flati.

Suala la kaka yako na taa lina asili yake. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilitoa Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya TV kuuzwa kwa ajili ya majumbani, na ilikuwa na bunduki ndefu iliyouzwa kando. Bunduki ile ilikuwa inatafuta mwanga tu, wa aina yoyote, kwa hiyo ukiielekeza kwenye taa inahesabu umepiga. Duck Hunt ililifunga tundu hilo kwa ile picha nyeusi ya mwanzo. Jicho likiona mwanga wakati ambapo kioo kizima kinatakiwa kiwe giza, mchezo unajua mwanga huo hautoki kwenye TV, na risasi haihesabiwi. Ujanja uliokuwa unafanya kazi kweli kwenye chogo ni kusogea mpaka mtutu unakaribia kugusa kioo, kisanduku cheupe kikalijaza jicho lote. Sidhani kama kuna nyumba yenye TV game ambayo watoto hawakugundua hilo.

Tuje kwenye chogo na flati. TV ya chogo haiwashi picha nzima kwa mpigo. Nyuma ya kioo kuna mwale wa elektroni unaochora nukta kwa nukta, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, kisha unaanza upya. Kila nukta inapoguswa inang'aa kwa nguvu halafu inafifia haraka sana. Macho yetu yanaona picha iliyotulia kwa sababu ni mazito. Jicho la bunduki si zito. Katika mfumo wa PAL mwale unachora mistari 15,625 kwa sekunde, na katika mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani ni 15,734. Tofauti ni ndogo mno, na ndiyo maana bunduki ya kule haisumbui kwa TV za huku.

Kwenye Zapper, bunduki halisi ya Nintendo, kuna saketi iliyopangwa kusikiliza masafa hayo ya karibu hezi 15,000 na kupuuza mengine. Ni kama mama anayeijua hodi ya mwanawe mlangoni: wakigonga watu kumi, yeye anafungua kwa hodi moja tu. Jua la dirishani halipigi hodi hiyo. Taa ya dari haiipigi. Na TV ya flati haiipigi pia, kwa sababu haina mwale unaotembea mstari kwa mstari kwa masafa hayo. Taa zake za LED nyuma ya kioo zinawaka mfululizo, au zinapepesa kwa mapigo yake zenyewe. Kisanduku cheupe unaweza hata kukiona kwa macho yako pale kwenye flati, lakini kwa bunduki yenye saketi hiyo ni kama hakipo.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili inatosha kuua mchezo hata kama bunduki yako ni ya bei rahisi na haichagui mwanga. TV ya flati haionyeshi picha pale pale inapoipokea. Picha ya mashine ya zamani ni ndogo, ina mistari ipatayo 240. TV inaipokea, inaihifadhi kwenye kumbukumbu, inaikuza ijae kioo cha mamilioni ya nukta, inailainisha, ndipo inaionyesha. Kazi hiyo inakula makumi ya milisekunde. Kwa filamu huoni tofauti. Kwa pedi, kwenye mchezo wa taratibu, unaweza usijali. Kwa bunduki ni kifo, kwa sababu mashine inauliza swali lake katika picha ile ile inayoituma, na kisanduku cheupe kinapofika kwenye kioo chako tayari imeshaandika kwamba umekosa. Ukipitisha waya wa AV kwenye kile kiboksi cha kubadilisha kwenda HDMI unaongeza ucheleweshaji juu ya ucheleweshaji. Na ukiweka TV kwenye mpangilio wa gemu utapunguza muda, ila hutairudishia ule mwale wa mistari.

Kama una simu inayorekodi mwendo wa pole, fanya jaribio hili, litakuonyesha yote mwenyewe. Mtoto ashike bunduki, wewe rekodi kioo na mkono wake kwa pamoja. Kisha itazame video taratibu. Utasikia triga ikilia kwanza, halafu baada ya kitambo kioo cha flati ndipo kinakuwa cheusi na kisanduku kutokea; kwenye TV nyingine picha ile nyeusi na ile ya kisanduku zinachanganywa, unaona kivuli cha kijivu tu. Rudia kwenye TV ya chogo. Hapo utaona kitu kizuri: kisanduku hakitokei kikiwa kamili, bali kama ufito wa mwanga unaoshuka, sehemu moja inawaka huku iliyo juu yake imeshaanza kuzima. Ufito huo ndio ambao bunduki ilizaliwa kuutazama.

Jaribio hilo hilo linakupa jibu kuhusu bunduki zako. Ukivuta triga, kioo kikamweka na mlio wa risasi ukasikika, basi triga ni nzima, waya ni mzima, na umechomeka kwenye tundu sahihi. Kilichobaki ni jicho, na jicho huwezi kulihukumu mpaka uwe mbele ya chogo. Kioo kisipomweka kabisa, angalia kwanza kama bunduki iko kwenye tundu la pili, maana Duck Hunt inaitafuta huko. Halafu kagua waya pale unapoingia kwenye kitako; hapo ndipo hukatikia ndani kwa kukunjwakunjwa. Futa na lenzi mtutuni kwa pamba kavu, kwani bunduki iliyokaa miaka kabatini jicho lake linakuwa na utando wa vumbi.

Sasa hiyo chogo utaipata wapi, na ya namna gani? Hizi TV bado zipo. Zilihimili hata kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kazi ambayo Tanzania iliianza mwishoni mwa mwaka 2012, kwa sababu watu waliziunganisha na ving'amuzi wakaendelea kuangalia. Zilipofika flati za bei nafuu zikahamia stoo, au zikaachwa kwa mafundi. Tafuta ya inchi 14 au 21 yenye matundu ya AV, la njano la picha na jeupe la sauti. Nenda na TV game yako mkononi na uijaribu kabla ya kulipa. Kuna aina moja uikwepe: chogo za mwisho mwisho, kubwa na nzito, zilizobandikwa maandishi ya 100 Hz. Hizo ni chogo kwa umbo, ila ndani zinahifadhi picha na kuichora upya kwa kasi maradufu, kwa hiyo bunduki inakwama kama kwenye flati. Nimeona watu wakizilipia pesa nzuri wakidhani wamepata bora zaidi, na inauma.

Ukiipata, pandisha mwangaza na kontrasti, kwa sababu kioo kilichochoka kinatoa kisanduku hafifu ambacho jicho halikioni vizuri. Zima taa inayojiakisi kwenye kioo. Kaa umbali wa mita moja na nusu au mbili hivi. Bata akikataa kuanguka, sogea hatua moja kabla hujailaumu bunduki.

Na nakuomba kwa dhati: usiifungue TV hiyo kwa nyuma, wala usimruhusu mtoto kuifungua, hata kama imechomolewa ukutani. Bomba la picha la TV ya rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na chaji inaweza kubaki humo muda mrefu baada ya kuzimwa. Kazi hiyo mwachie fundi aliyezoea chogo, anayejua kuitoa chaji kwanza.

Wahandisi niliowasifu juu hawakuanza na Duck Hunt ya TV, na nadhani wanao watafurahi kujua ilikotoka. Kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilikuwa inatengeneza karata na vitu vya kuchezea muda mrefu kabla ya michezo ya video. Mwaka 1970 Gunpei Yokoi, mhandisi wake, alitoa bunduki za mwanga za kuchezea akishirikiana na Masayuki Uemura, ambaye wakati huo alikuwa kampuni ya Sharp akiuza seli za jua. Katika vichezeo hivyo mpango ulikuwa kinyume na wa leo: bunduki ndiyo iliyotoa mwanga, na shabaha ndiyo iliyokuwa na seli ya kuupokea. Mwaka 1973 Nintendo ikaenda mbali zaidi, ikageuza kumbi za mchezo wa bowling kuwa viwanja vya kulenga visahani kwa mwanga; mgogoro wa mafuta wa mwaka huo ukaiharibia biashara. Mwaka 1976 wakatoa kichezeo cha nyumbani kilichomrusha bata wa mwanga ukutani, na jina lake lilikuwa lile lile, Duck Hunt.

Uemura alihamia Nintendo na ndiye aliyeongoza usanifu wa Famicom, mashine iliyotoka Japani mwaka 1983. Mwaka uliofuata ikaletewa bunduki, na michezo mitatu ikafuatana: Wild Gunman mwezi wa Februari, Duck Hunt mwezi wa Aprili, Hogan's Alley mwezi wa Juni. Bata walifika Marekani mwaka 1985 pamoja na mashine ya NES, yaani Famicom ya kule, na baadaye waliuzwa ndani ya boksi moja na Super Mario Bros., jambo lililoufanya mchezo huu kuwa miongoni mwa iliyoenea zaidi ya enzi ile. TV game nyingi zilizouzwa kwetu hazikutengenezwa na Nintendo. Zilikuwa nakala za Famicom zilizotoka Asia, na kaseti zake zilibeba michezo mingi kwa pamoja. Hata hivyo mchezo wenyewe ndio huo huo, na ile hesabu ya kisanduku cheupe haikubadilika.

Kama kaseti yako ina Hogan's Alley, wape wanao huo pia. Mimi naupenda zaidi kwa mtoto mkubwa. Sanamu tatu za kadibodi zinageuka mbele yako, nyingine majambazi, nyingine raia au polisi, na ukimpiga asiye na hatia unahesabiwa kosa. Duck Hunt inapima mkono. Huu unamlazimisha mtoto kutazama kwanza.

Usipopata chogo kabisa, njia zilizobaki zinaiacha mashine yako pembeni. Zapper ya zamani haitatumika, ila kuna bunduki za kisasa zinazotumia mbinu nyingine kwenye kompyuta. Sinden Lightgun, iliyobuniwa Uingereza, ina kamera ndogo mtutuni. Programu inachora fremu nyeupe kuzunguka kioo, kamera inaiona fremu hiyo na kompyuta inakokotoa umelenga wapi. Nyingine zinategemea taa za infraredi zinazobandikwa kwenye TV, wazo ambalo rimoti ya Nintendo Wii ililieneza kuanzia mwaka 2006. Zinafanya kazi vizuri kwenye flati. Lakini zinahitaji kompyuta, kuagiza kutoka nje na uvumilivu wa kuzipanga, na kwa familia inayotaka kucheza Jumapili jioni ningeshauri mtafute chogo kwanza.

Kabla hujawapa watoto, itazame rangi ya bunduki zako. Zapper ya kwanza ya Marekani ilikuwa ya kijivu. Mwaka 1989 Nintendo waliigeuza kuwa ya rangi ya chungwa, kwa sababu sheria ya kule ilitaka bunduki za kuchezea zisifanane na za kweli. Nyingi za nakala zilizofika kwetu ni nyeusi na zina umbo la bastola kamili. Zungushia utepe wa rangi kali mtutuni bila kuifunika lenzi, na weka sharti kwamba bunduki haitoki sebuleni.

Mkishakaa sawa, kuna jambo ambalo watu wengi hawakuwahi kulijua hata walipocheza kwa miaka. Acha pedi ya kawaida kwenye tundu la kwanza, bunduki ikiwa kwenye la pili, na chagua Game A. Mwenye pedi anaweza kumwongoza bata angani kwa mishale, kumpeleka kushoto, kulia, juu, wakati mwenye bunduki anahangaika na risasi zake tatu. Una watoto zaidi ya mmoja. Mmoja awe mwindaji, mwingine awe bata, kisha wabadilishane baada ya bata kumi.